Sean Mercer Hana Nyota

Sean Mercer hana tarehe ya kuzaliwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo linalorukwa kila ninapowasikia wenzangu wa shahada ya pili wakimchambua huyu bosi wa wakamata wanyama katika Hatari!, filamu ya Howard Hawks ya 1962 iliyorekodiwa huku kwetu, Arusha na Momella, chini ya Mlima Meru. Wanasema kununa kwake, ukali wake kwa Dallas, yule mpigapicha wa Kiitaliano anayempenda waziwazi, na kung'ang'ania kazi ya vijana, yote ni misukosuko ya umri wa makamo, nayo imeandikwa angani. Mhusika hana tarehe? Wanaazima ya mwigizaji: John Wayne, 26 Mei 1907, nyota ya Mapacha. Mapacha hatulii, Mapacha ni watu wawili. Kesi imefungwa.

Haya, tufuate hesabu yao. Uranusi hulizunguka jua kwa miaka 84, kwa hiyo ukifika miaka 42 hivi inakuwa upande wa pili wa ilikokuwa ulipozaliwa. Hapo, kwa mujibu wa wanajimu, mtu huvunja ndoa, huacha kazi, hununua pikipiki. Zohali nayo hurudi mahali pake kila baada ya miaka 29 na nusu, yaani ukikaribia 30, kisha 59. Filamu ilipokuwa ikirekodiwa, mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, Wayne alikuwa na miaka 53. Kwa Uranusi amechelewa, kwa Zohali amewahi. Ukiwaonyesha pengo hilo wanakuletea sayari nyingine. Ziko nyingi.

Lakini hesabu mbovu hainiudhi sana. Kinachoniudhi ni kwamba nyota zinamfutia mtu huyu mazingira yake. Filamu yenyewe imeshatuambia kwamba mchumba aliwahi kumwacha, na tangu mwanzo tumeona kifaru akimjeruhi mwenzake. Kisha kuna jambo ambalo filamu haligusi. Mercer anakamata wanyama wa Tanganyika na kuwauza kwa bustani za wanyama za nje, katika nchi itakayopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Miaka kumi kabla, Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki, upande huohuo wa mlima, ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akalipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa, New York. Mzungu wa makamo anayeishi kibwana kwenye miteremko hiyo, mwaka ule, ana sababu nzuri ya kukosa usingizi. Kwa nini tuipeleke angani?

Nyota hazipendelei mtu, wataniambia. Kweli? Mnajimu wetu mashuhuri kuliko wote, Sheikh Yahya Hussein, alitabiri kwamba mwana-CCM atakayempinga Kikwete katika uchaguzi wa 2010 angekufa. Nyota zikawa upande wa aliyekwisha kukaa kitini. Namheshimu kwa jambo moja tu: alitoa utabiri ambao mtu angeweza kuusubiri na kuupima. Unajimu wa simu unaosomwa na rika langu hauthubutu hata hivyo. Unakuambia "utapitia mabadiliko", basi.

Na tusijifanye kwamba huku Meru hatukuwa na lugha ya umri wa makamo mpaka Elliott Jaques alipoandika makala yake kuhusu misukosuko hiyo mwaka 1965. Kwa Waarusha, kama kwa Wamaasai, mwanamume hakuzeeka peke yake chumbani akihesabu mvi. Rika zima lilivuka pamoja, kutoka umorani hadi uzeeni, kwa sherehe, mbele ya watu, na kila aliyevuka alijua kazi mpya inayomngoja. (Wanawake hawakupangiwa marika kama hayo. Hilo ni deni jingine.)

Ajabu ni kwamba filamu hiyohiyo inawaleta Waarusha, wakampa Dallas jina la Mama Tembo kwa ngoma na sherehe. Mgeni wa juzi kapewa jina na nafasi. Mercer, aliyeishi hapo miaka mingi, haulizi kama kuna sherehe inayomfaa mtu wa umri wake. Filamu inamtibu kwa kumwoza msichana ambaye mwigizaji wake, Elsa Martinelli, alizaliwa 1935. Anayetaka kunibishia aitazame tena sehemu ile ya ngoma, kisha anionyeshe Uranusi ilipo.