Kompyuta Mpakato Isikose Pumzi

Katika nyumba nyingi za kambini siku hizi kompyuta mpakato imekwisha kupata mahali pake kando ya redio na pasi. Mtoto huisomea, mama huitunzia hesabu za biashara yake, na baba aliye katika ulinzi wa mbali huonana na jamaa zake kwa njia hiyo. Mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo unaokatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi. Basi ni hasara kubwa chombo kikifa kabla ya deni lake kwisha, na mmoja wa adui zake wakubwa ni joto.

Kwanza tufahamu joto hilo latoka wapi. Umeme unaoingia katika kompyuta, karibu wote, mwisho wake hugeuka kuwa joto, na sehemu kubwa hutoka kwenye kichakataji, yaani ubongo wa mashine. Juu ya ubongo huo hulazwa kijibomba cha shaba kinacholichukua joto na kulifikisha kwenye mapezi membamba ya chuma. Hapo feni hulipuliza nje. Katika mashine nyingi hewa ya kawaida huingia kwa matundu ya chini, na hewa ya moto hutoka ubavuni au nyuma. Askari dereva ataelewa upesi, kwa maana ndiyo kazi ya rejeta katika lori. Ukiifunika rejeta kwa gunia, hata lori jipya litachemka mlimani. Mashine ndogo zaidi huenda isiwe na feni kabisa, ikategemea kiwiliwili chake kupoa. Hiyo nayo yataka hewa izunguke.

Joto likizidi, kompyuta hujipunguzia mwendo ili ijiokoe. Vichakataji vingi hufanya hivyo vikikaribia digrii 100 za Selsiasi, na hali ikizidi kuwa mbaya mashine hujizima yenyewe. Kwa hiyo kompyuta iliyo nyepesi asubuhi na nzito adhuhuri pengine haijazeeka, bali inakosa pumzi. Yafuatayo yatasaidia, na mengi hayagharimu hata senti.

Kwanza, iwekwe juu ya kitu kigumu na bapa: meza, ubao, au hata kitabu kikubwa. Godoro na blanketi huziba matundu ya chini. Jina la mpakato latufanya tudhani ni kitu cha kupakatwa kama mtoto mchanga, lakini pajani si mahali pake. Joto la kila siku juu ya paja huweza kuacha mabaka ya rangi ya kahawia katika ngozi, nao matabibu wamekwisha kuyaona kwa watumiaji wa mashine hizi.

Pili, inua upande wa nyuma kwa kimo cha sentimita moja au mbili. Vipande viwili vya mbao vilivyolingana vyatosha, mradi visizibe tundu lolote.

Tatu, chagua saa. Watengenezaji wengi hushauri mashine itumike mahali pasipozidi digrii 35. Chini ya paa la bati lisilo na dari, mchana wa kiangazi waweza kuupita mpaka huo. Kazi nzito, kama vile kutengeneza picha za sinema au michezo ya watoto, ifanywe alfajiri au usiku. Kompyuta isikae juani dirishani wala karibu na sigiri.

Nne, funga programu usizozitumia, punguza mwanga wa kioo, na uchague hali ya kuweka akiba ya umeme. Ukiondoka, izime kabisa kabla ya kuitia mkobani, kwa sababu iliyolala tu huweza kuamka ndani ya mkoba na kujichemsha yenyewe.

Tano, ondoa vumbi. Vumbi letu jekundu hujikusanya juu ya mapezi kama blanketi. Zima mashine, chomoa waya, kisha pangusa matundu kwa brashi laini iliyo kavu. Usipulize kwa mdomo, kwani mate yana maji. Kila mwaka au miaka miwili, fundi anayeaminika aifungue na kuisafisha. Nawe usidanganyike kuitia katika friji ipoe: itakapotoka, unyevu wa hewa utageuka matone ndani yake, na maji na umeme havipatani.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa lahusu uhai. Joto huichakaza betri ya lithiamu, na betri iliyoharibika huweza kuwaka moto. Mwezi wa Agosti 2006 kampuni ya Dell iliwataka wateja warudishe betri zipatazo milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, kwa hofu ya moto huo. Hizo zilikuwa na kasoro ya kiwandani, lakini zatufundisha nguvu iliyomo ndani ya kitu kidogo namna hiyo. Ukiona vibonye vimeinuka, kifuniko hakifungi sawasawa, au tumbo la mashine limevimba, acha kuichaji palepale. Usiitoboe wala kuibonyeza. Iweke nje ya chumba cha kulala, juu ya sakafu ya saruji, mbali na nguo na watoto, kisha mwite fundi.

Kwa sababu hiyo mzazi asikubali kompyuta ichajiwe kitandani, ndani ya chandarua, huku watoto wamelala kando yake. Chandarua na godoro hushika moto upesi, na nyumba zetu zimebanana. Watoto na wajifunze kanuni hii fupi: kitanda ni cha mtu, meza ni ya kompyuta. Hadi juma lijalo.