Maombi na Mikono

Mtoto wa yule mama Mshunami alipokufa, Elisha alifunga mlango akamwomba Bwana. Kisha hakukaa kusubiri. Alijilaza juu ya mtoto, kinywa chake juu ya kinywa cha mtoto, mpaka mwili ukapata joto. Maombi na mikono vilikwenda pamoja.

Sisi mtu akianguka ghafla ibadani, tunajua mawili: kumpepea na kukemea pepo. Kumbe huenda moyo wake unatetemeka tu, hausukumi damu. Kila dakika ikipita bila kushtuliwa wala kubanwa kifua, nafasi yake ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Kwa foleni zetu hizi, gari la wagonjwa litafika saa ngapi?

Mwaka 1965 Dk. Frank Pantridge wa Belfast, akijua kwamba wengi hufa kabla ya kufika hospitali, aliweka mashine ya kushtua moyo ndani ya gari la wagonjwa. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi na ilitumia betri za gari. Leo zipo za kubeba kwa mkono mmoja. Ukiiwasha inakuelekeza kwa sauti, inapima moyo yenyewe, na haishtui moyo usiohitaji kushtuliwa. Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani Copenhagen. Alibanwa kifua, akashtuliwa kwa mashine, na mwaka uliofuata akacheza Kombe la Dunia.

Najua atakayesema uhai uko mikononi mwa Mungu. Ni kweli, na Elisha alilijua hilo kuliko sisi.

Bei ya mashine si ndogo. Lakini spika na kinanda tulichanga, na maturubai pia. Kabla hata ya kuinunua, Jumamosi moja inatosha vijana na akina mama wafundishwe na muuguzi kubana kifua: katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hilo halihitaji harambee. Na ikinunuliwa, tafadhali, isifungiwe ofisini huku ufunguo uko nyumbani kwa mhazini. Itundikwe karibu na mlango mkubwa, kila mtu aione. Wazee wa kanisa wakikaa kupanga bajeti ya mwakani, naomba mmoja wao anyooshe mkono aliulizie.