Dawa ya Mafua Isichelewe Kagera

Hapana mkoa wa Tanzania uliotangulia Kagera kuonja adha ya maradhi ya virusi yasiyo na dawa, kwani ni huku ambako mwaka 1983 walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini, watu wakauita ugonjwa ule Juliana kwa jina la vitambaa vya magendo vya wakati huo, na makaburi yakaongezeka chini ya migomba kwa zaidi ya miaka 20 kabla Serikali haijaanza, mwaka 2004, kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Hata Marburg ilipoua watu 6 Bukoba Vijijini mwaka 2023, matabibu hawakuwa na dawa iliyoidhinishwa.

Ama mafua makali, hayo dawa yake ipo, ilhali wengi wetu hatuijui hata kwa jina. Dawa hiyo, oseltamiviri, huvizuia virusi vilivyokwisha kuzaliana ndani ya chembehai visitoke kwenda kuvamia nyingine. Mtu mzima humeza miligramu 75 mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Sitaisifu kupita kiasi: kijana mwenye siha humpunguzia ugonjwa kwa siku moja hivi, naye aghalabu angepona kwa uji na mapumziko. Lakini mjamzito, mzee, mtoto mchanga au mwenye pumu, ambao mafua huwashukia mapafuni, hao wana haki ya kuipata, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48.

Saa 48! Mtu wa Bumbire au Goziba, huko visiwani Muleba, akishikwa na homa huidhania malaria, akameza dawa ya mseto. Asipopata nafuu hununua dukani kapsuli za antibiotiki za rangi mbili, zisizodhuru kirusi cha mafua hata kimoja. Na Ziwa Victoria likija kutulia, boti ikamvusha, muda umekwisha kupita.

Wala tusijidanganye kwamba janga la mafua ni la ng'ambo, maana Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege kandokando ya ziwa hili hili, hata Masaka, na ndege hasimami mpakani Mutukula kuonyesha pasipoti.

Basi naiomba Wizara ya Afya iweke akiba ya dawa hii katika hospitali ya mkoa Bukoba, Ndolage, Rubya na hasa zahanati za visiwani, na mgonjwa aliye hatarini aanziwe dawa pasipo kungoja majibu ya maabara.