Sirene ya kazi si mitraye ya kuuza kwa kilo

Siku hizi kila chuma kilicholala katika makambo yetu kina bei. Bomba, reli, mlango wa gari, kipande cha moteri: mutu wa mitraye anapita na mizani yake, anapima, analipa, anabeba. Sirene nayo ni chuma, na ndani ya moteri yake kuna waya wa mukuba. Basi haina nafasi ya kupona kama sisi wenyewe hatusemi neno. Neno letu ni hili: sirene za zamani zilizobaki juu ya mapaa ya atelye na minara ya kazi zisiuzwe. Zishushwe, zisafishwe, zilie tena, na zipewe kazi mpya ya kuonya watu wakati wa hatari.

Wengine watauliza: kwa nini tulilie kitu cha wakoloni? Ulizo hilo ni la haki. Tangu mukuba wa kwanza uyeyushwe Lubumbashi mwaka 1911, siku za baba zetu zilipimwa kwa sauti ya kazi. Iliwaamsha, iliwaingiza, iliwatoa. Mama alijua saa ya kuweka maji ya bukari bila kuwa na saa ukutani. Lakini ni Bwana Changachanga aliyekuwa na mkono kwenye swichi, na mfanyakazi aliitwa kama mtoto wa masomo. Mgomo wa mwezi wa 12 mwaka 1941, na risasi zilizopigwa Elisabethville tarehe 9, vinatukumbusha kwamba wakati ule kutoitika mwito wa kazi kulikuwa na bei ya damu. Hatusahau. Tena ndiyo sababu tunasema sirene ibaki kwetu. Chombo kilichotuita kwa faida ya wengine, sasa kituite kwa uzima wetu.

Hatari haiko mbali. Mwezi wa 6 mwaka 2019, udongo ulibomoka katika shimo la KOV karibu na Kolwezi, makumi ya wachimbaji wakafa. Mwezi wa 9 mwaka 2020, kule Kamituga, maji ya mvua yaliingia katika mashimo ya zahabu, makumi wengine hawakutoka. Hatusemi kwamba sirene ingewaokoa wote. Sirene haishiki mlima. Lakini mutu aliye juu, anayeona ufa unafunguka au mto unapanda, anahitaji sauti inayofika chini haraka kuliko miguu yake. Kupiga makelele hakutoshi pale kompresa na makoleo yanalia.

Tuangalie kwanza chombo chenyewe, maana wengi wanafikiri ni mashine ya siri. Si hivyo. Mwaka 1819 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitengeneza chombo kinachokata hewa kwa sahani yenye matundu. Kwa sababu kiliweza kulia hata ndani ya maji, alikiita sirene, kwa jina la viumbe vya baharini vya hadithi za Wagiriki. Wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanasema king'ora. Sirene ya moteri ina ngoma mbili za chuma: moja imesimama, ingine inazunguka ndani yake. Zote zina madirisha. Madirisha yakikutana, hewa inatoka. Yakiachana, hewa inafungwa. Kufunga na kufungua huko mara mia kadhaa kwa sekunde, njo sauti yenyewe.

Kwa hiyo sauti ya kila sirene inaweza kuhesabiwa. Chukua sirene ya Ujerumani inayoitwa E57, iliyowekwa kwenye mapaa mengi wakati wa vita baridi. Moteri inazunguka mara 2.800 kwa dakika, madirisha ni 9. Gawa 2.800 kwa 60, zidisha mara 9, unapata 420 kwa sekunde. Sirene za Uingereza za wakati wa vita ya 1939–1945 zilikuwa na ngoma ya pande mbili, madirisha 10 upande huu na 12 upande ule. Kwa hiyo zinatoa sauti mbili pamoja, moja juu kidogo ya nyingine, na sikio linasikia kilio kinachochoma roho. Wamarekani walizidisha: sirene ya Chrysler ya miaka ya 1950 ilikuwa na moteri ya gari ya V8 yenye nguvu ya farasi 180, na kwa umbali wa mita 30 ilifika desibeli 138. Hiyo ni sauti ya kuumiza sikio kabisa.

Leo, Ulaya na Marekani kuna watu wanaotafuta sirene hizo katika mabohari na mapaa mabovu, wanazifungua, wanazitengeneza, halafu wanalinganisha sauti zao. Usiseme ni mchezo wa watu wenye nafasi. Kulinganisha ndiko kunaonyesha sirene gani inafika mbali, gani inapotea katika upepo, gani inachanganyika na honi ya lori. Sauti nzito kwa kawaida inazunguka nyumba na vilima vizuri kuliko sauti kali. Na mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inashuka karibu desibeli 6. Mutu akijua hayo, anaweza kuchagua mahali pa kusimamisha sirene bila kubahatisha.

Kazi ya kuitengeneza tunaiweza. Katika kila kambi kuna mzee wa mekanike na mzee wa bobinaje. Wengine waliondoka na «départ volontaire» na mikono yao ingali na akili. Watakuambia utaratibu wake: kwanza usiwashe. Toa viota vya ndege na kutu, zungusha ngoma kwa mkono, sikiliza kama inagusa popote. Nafasi kati ya ngoma mbili ni ndogo sana. Chuma kikigusa chuma kwa mwendo wa moteri, kitapasuka na kuruka kama risasi. Badilisha rulma zilizokufa, tia grisi, pima waya za moteri kabla ya kuleta umeme. Kama waya zimeungua au zimeibiwa, zungusha mpya. Mukuba tunao! Rangi ipakwe nje, si katika midomo ya madirisha. Halafu jaribu kwa muda mfupi, masikio yamefunikwa, watoto mbali.

Ikisha kulia, irekodiwe. Simu ya kawaida inatosha kuanza, ila sheria iwe moja kwa zote: umbali uleule, urefu uleule, upepo uandikwe. Likasi walinganishe na Kipushi, Kolwezi na Lubumbashi. Kopi moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe Musée ya Lubumbashi, kwa maana sauti nayo ni mali ya urithi. Wajukuu wetu wanaweza kuona picha ya babu akiwa na kofia ya kazi, lakini sauti iliyompandisha ku mungoti hawataisikia kama hatukuitunza.

Tunajua jibu la vijana: «Sasa kuko telefone, sirene ni ya nini?» Hata Ubelgiji iliacha sirene zake mwisho wa 2018, ikachukua njia ya ujumbe wa simu. Lakini chini ya ardhi hakuna rezo, na usiku simu iko imezimwa au bateri imekufa. Ujerumani ilitoa sirene nyingi baada ya vita baridi. Mwezi wa 7 mwaka 2021, mafuriko ya mto Ahr yaliua watu zaidi ya 130 katika bonde lile, wengi wakikutwa usiku. Na serikali yao ilianza tena kutoa pesa za kusimamisha sirene. Kama nchi ya simu na mashine imerudi juu ya paa, sisi tunaona haya ya nini?

Tena chuma peke yake hakitoshi. Mwezi wa 8 mwaka 2023, moto uliteketeza mji wa Lahaina, katika visiwa vya Hawaii, na watu karibu 100 wakafa. Sirene zilikuwepo. Hazikupigwa. Mkubwa wa dharura alieleza kwamba watu walizoea kusikia sirene kwa ajili ya mawimbi ya bahari. Aliogopa wangekimbilia mlimani, kwenye moto. Hapa kuna fundisho kubwa kuliko la moteri: sauti isiyofundishwa ni makelele tu. Babu zetu walilijua hilo kwa lokole. Ngoma ile ya mti ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwa hizo mbili kijiji kizima kilielewa kama ni kifo, ni mkutano, au ni vita. Wafaransa nao wanajaribu sirene kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita ya mchana. Sauti ya hatari inapanda na kushuka kwa dakika 1 na sekunde 41, mara tatu. Hatari ikiisha, sauti moja iliyonyooka ya sekunde 30.

Sisi tunaomba mambo manne. Kwanza, mali ya zamani ya kazi isipelekwe kwenye mitraye kabla sirene zake kuandikwa na kutengwa. Pili, masomo ya ufundi na wazee wa kazi wapewe sirene moja moja ya kutengeneza. Kijana atajifunza moteri, rulma, hesabu na sauti kwa chombo kimoja. Tatu, kuwe na lugha moja ya sirene kwa kila mji: sauti ya baruti, sauti ya kukimbia, sauti ya kumalizika. Ijaribiwe siku moja ya mwezi, na watoto waifundishwe masomoni. Nne, ijulikane nani ana ufunguo usiku, na nani anashika nafasi yake akigonjwa. Na kwa sababu umeme unakatika bila kuaga, kando ya sirene ya moteri kuwe na sirene ya mkono, ile ya kuzungusha kwa mpini. Hiyo haimulizi mutu fakture.

Bakubwa wa kazi watasema pesa hakuna. Sisi tunawajibu: anzeni na sirene moja, katika kambi moja. Na wewe msomaji, kesho ukienda kazini inua macho juu ya paa la atelye. Kama sirene ingali pale, mwambie delege wa sendika aiandike kabla mwenye mizani hajaiona.