Vitabu Kumi, Shahidi Mmoja

Wanaokusanya bastola za zamani huko Ulaya na Marekani wana swali ambalo sisi wa isimu tungepaswa kuliuliza kila siku: kitabu hiki kimeyajuaje haya? Mimi si mkusanyaji, na katika nchi iliyochoshwa na milio ya bunduki sina hamu ya kuwa mmoja wao. Lakini namna walio makini kati yao wanavyochagua vitabu vya marejeo inatuhusu.

Tuangalie bastola iliyomuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Kwa miaka mingi vitabu vingi viliandika kwamba Gavrilo Princip alitumia Browning ya 1900, ya milimita 7.65. Sivyo. Ilikuwa Browning ya 1910, ya milimita 9, nambari 19074. Zote mbili zilitoka kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, na mbunifu wao ni mmoja, John Browning. Hata hivyo umbo lao ni tofauti: ya 1900 springi yake imelala juu ya mtutu, ya 1910 springi imeuzunguka mtutu. Aliyezishika zote mbili hazichanganyi. Anayenakili tu huzichanganya.

Bastola yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajesuiti wa Austria hadi 2004, ilipopelekwa katika jumba la makumbusho ya kijeshi la Vienna. Wakati huo wote kosa lilitembea kitabu hadi kitabu. Tunasema wengi wape, lakini katika marejeo wingi si ushahidi. Vitabu kumi vilivyonakili kimoja ni shahidi mmoja aliyevaa makoti kumi.

Kwa hiyo mkusanyaji makini hatishwi na unene wa kitabu wala picha zake nzuri. Anatazama kama mwandishi ameziona bastola kwa macho yake, kama anataja nambari na alama zilizochongwa, na kama anatenganisha alichokiona na alichosimuliwa. Akikosea hapo, atanunua kwa bei ya dhahabu kitu cha bei ya chuma.

Kamusi nazo zina ugonjwa huo. Kamusi ya Webster ya 1934 ilichapisha neno «dord», eti maana yake ni uzito wa kitu kwa kipimo cha ujazo. Neno hilo halikuwapo: kifupisho «D or d» kilisomwa vibaya. Kiingereza kina wasemaji na wahariri wengi, kosa likagunduliwa. Je, lugha zetu? Orodha ya maneno iliyokusanywa na mmisionari mmoja katika kijiji kimoja, ikinakiliwa mara tatu, hugeuka «lugha ya kabila zima», na mzee anayeisema tofauti anaambiwa amekosea.

Wengine watajibu kwamba tuna vitabu vichache mno, hatuwezi kuchagua. Uchache ndio sababu ya kuchunguza zaidi: penye kitabu kimoja, kosa halina wa kulipinga.

Napendekeza jambo moja kwa wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu. Katika kazi za kumaliza masomo, tusihesabu tena ni kamusi ngapi zimetajwa. Kila kamusi iandikiwe sentensi moja: nani alikusanya maneno yake, wapi, mwaka gani, kutoka kwa wasemaji gani. Sentensi hiyo ikishindikana kuandikwa, tuingie njiani tukawaulize wasemaji wenyewe.