Blanketi la bibi lipambe ukuta, lisimfunike mtoto mchanga

Mtoto anapozaliwa, zawadi hazikosekani. Kuna beseni, sabuni, kanga, na siku hizi katika familia nyingi kuna pia blanketi dogo la viraka. Wengine huliita mfarishi. Fundi au bibi mwenyewe hukusanya mabaki ya vitenge na kanga, akayaunganisha kwa cherehani, akaweka pamba katikati na kitambaa kingine nyuma, kisha akapitisha mishono ili vyote vishikane.

Zawadi ya namna hii haina bei. Kati ya viraka vyake huenda kuna kipande cha kanga ambayo mama alijifunga akiwa mjamzito, au cha shati la babu ambaye hakuwahi kumwona mjukuu. Ndiyo maana wazazi wengi hulitandika moja kwa moja kitandani mwa mtoto, wakiamini wamemtendea mema yeye na bibi yake.

Hapo ndipo penye hatari.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake uliohuishwa mwaka 2022, kinashauri mtoto mchanga alazwe chali, kwenye godoro lisilobonyea na lililo tambarare, bila mto, bila mfarishi na bila vitu laini pembeni yake. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza nayo inashauri mfarishi na mito visitumike kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Sababu ni rahisi kuelewa. Mtoto wa miezi miwili au mitatu hana nguvu wala uwezo wa kujitoa kitambaa kizito kinapomfunika pua na mdomo. Pia anaweza kupata joto kupita kiasi akiwa usingizini, na hawezi kumwambia mtu.

Kwa wanaoishi mikoa ya baridi kama Njombe na Mbeya, kinga ya baridi ni nguo za mwilini. Mtoto avalishwe nguo moja zaidi ya zile zinazomtosha mtu mzima katika chumba hicho hicho, badala ya kurundikiwa mablanketi.

Je, blanketi la bibi lifungiwe kabatini? Hapana. Likitundikwa ukutani, mtoto analala salama, na bibi akija kumsalimia mjukuu anakuta kazi ya mikono yake mahali pa heshima. Hakuna atakayedhani zawadi yake imetupwa.

*Mfuko wa nyuma na fimbo*

Kosa linalofanyika sana ni kupigilia misumari miwili kwenye pembe za juu. Uzito wote hubebwa na pembe hizo, katikati panalegea, na baada ya muda kitambaa kinachanika.

Njia inayotunza kitambaa ni kugawa uzito upande wote wa juu. Chukua kipande cha kitambaa chenye upana wa sentimita 10 hivi na urefu unaokaribia upana wa blanketi. Kishone nyuma, chini kidogo ya ukingo wa juu, mshono mmoja juu na mwingine chini, ncha mbili za pembeni zikiachwa wazi. Hapo umepata mfuko wa kupitisha ufito, ubao mwembamba au bomba dogo la pazia. Ncha za fimbo zinakaa juu ya kulabu mbili.

Ushonaji ufanyike kwa mkono, sindano ishike kitambaa cha nyuma na pamba tu, uzi usitokeze mbele. Fundi yeyote wa mtaani anaiweza kazi hii.

*Pembe mbili na ubao*

Kwa blanketi dogo, lenye upana usiozidi sentimita 60 hivi, ipo njia nyepesi zaidi. Kunja vitambaa viwili vya mraba kuwa pembetatu, uvishone nyuma kwenye pembe mbili za juu ili viwe vifuko. Kata ubao mwembamba unaoenea kutoka kifuko kimoja hadi kingine, kisha utundike ubao huo kwa msumari mmoja katikati.

Njia hii inawafaa wapangaji, kwani tundu moja ukutani halileti ugomvi na mwenye nyumba.

*Vitanzi, vibanio na velkro*

Vitanzi vitano au sita vya kitambaa vinavyoshonwa ukingo wa juu navyo hufanya kazi, mradi viwe na nafasi sawa. Asiyetaka kushona anaweza kutumia vibanio vya pazia, lakini viwe vingi na visiwe na meno makali.

Utepe wa velkro nao ni mzuri. Upande laini unashonwa nyuma ya blanketi, upande mgumu unafungwa kwenye ubao ulioshikizwa ukutani. Siku ya kufua, linabanduliwa tu bila kung'oa chochote.

*Ukuta wa aina gani?*

Ukuta wa matofali ya saruji unahitaji msumari wa zege, au tundu la drili lenye kiplastiki cha kushikia skrubu. Kabla ya kutoboa, angalia swichi na soketi zilipo. Nyaya mara nyingi hupita ndani ya ukuta zikinyooka juu au chini yake, hivyo usitoboe kwenye mstari huo.

Kulabu za kubandika kwa gundi hushika vizuri kwenye vigae na milango laini. Kwenye ukuta wa chokaa au rangi inayopukutika, zitaanguka. Kwa nyumba ya udongo, ni salama zaidi kufunga kamba mbili imara kwenye boriti na kuning'iniza fimbo hapo kuliko kutegemea msumari. Kamba zibane karibu na ukuta, juu, mbali na mikono ya mtoto.

*Mahali pa kutundika*

Kitu kilichotundikwa kinaweza kuanguka siku moja. Kwa hiyo kisiwe juu ya kitanda cha mtoto wala juu ya godoro anapolala na mama yake. Ukuta wa mbele ya kitanda ni bora zaidi.

Ukumbuke pia kwamba mtoto asiyejigeuza leo, baada ya miezi michache atakuwa anashika vitu na kusimama. Ukingo wa chini wa blanketi uwe juu ya mahali mkono wake utakapofika akisimama kitandani au kwenye kochi. Pini na vibandiko vidogo visitumike kabisa chumbani mwake. Vikidondoka, vitaishia mdomoni.

Fimbo isipite karibu na chandarua, kwani ncha yake inaweza kukitoboa. Isitoshe, mbu hupenda kupumzika penye kivuli ndani ya nyumba, na nguo zilizotundikwa ni mojawapo ya maficho yao. Blanketi lipigwepigwe mara kwa mara, na mtoto aendelee kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Katika mikoa ambako kuta hupuliziwa dawa ya ukoko, mbu hufa kwa kutua kwenye ukuta wenyewe. Sehemu ya ukuta iliyofunikwa haifanyi kazi hiyo, hivyo kitambaa kiwe kidogo.

*Vumbi na ukungu*

Kitambaa chenye pamba ndani hukusanya vumbi, na ndani ya vumbi wamo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao wanaweza kuamsha pumu na mafua ya mzio. Kama mtoto au mtu mwingine nyumbani ana pumu, blanketi litundikwe sebuleni badala ya chumba cha kulala.

Kila wiki mbili hivi litolewe nje, likung'utwe na kuanikwa. Vitenge vipya vinaweza kuchuja rangi, hivyo lijaribiwe kwanza pembeni kwa kitambaa cheupe chenye maji. Likifuliwa, litumiwe sabuni isiyo kali na likauke kabisa hadi pamba ya ndani.

Ukuta wa nje unaolowa wakati wa masika haufai, kwa kuwa ukungu utaanzia nyuma ambako hakuna anayeona. Vipande vidogo vya mbao vikiwekwa nyuma ya fimbo huacha mwanya wa hewa. Jua la dirishani nalo hupausha rangi, hivyo ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja uepukwe. Wanaopenda fremu ya kioo wahakikishe kioo hakigusi kitambaa, na isikae ilipo karibu na mtoto.

*Baada ya mwaka mmoja*

Blanketi halitakaa ukutani milele. Mtoto akishatimiza mwaka mmoja, hatari ya matandiko laini inakuwa imepungua, na anaweza kuanza kujifunika kitu chepesi. Lile zito la bibi linaweza kusubiri hadi awe mkubwa wa kulivuta na kulisukuma mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kulitundika, shona kitambaa kidogo nyuma yake na uandike kwa kalamu isiyofutika jina la aliyelishona, jina la mtoto na mwaka. Kama viraka vina historia, muulize bibi kila kimoja kimetoka wapi, nawe uandike. Siku mtoto atakapoliteremsha ukutani kulitumia, huenda bibi hatakuwepo kumsimulia.