Maji ya Kifua na Haki ya Mtu wa Konde

Mtu wa Konde akianza kuhema hali amekaa kitako, asiweze kulala ila kwa kuegemea mito, na ubavu mmoja ukamchoma kila avutapo pumzi, mashauri ya kumponya huwa mengi kuliko jamaa waliomzunguka. Mmoja atasema ni baridi ya baharini, apakwe mafuta na kufunikwa. Wa pili atataka apigwe chuku. Wa tatu, aliyesikia kwamba hospitali hutoboa kifua kwa sindano, ataapa kuwa atobolewaye harudi. Basi siku hupita, na wiki hupita, na maji ndani ya kifua huzidi. Leo twapenda kusema juu ya maji hayo, na juu ya jambo kubwa zaidi lililo nyuma yake: ni kwa njia gani binadamu hujua kwamba dawa ni dawa.

Mapafu yamevikwa utando mwembamba, na kifua kwa ndani kimevikwa utando mwingine. Kati ya tando hizo mbili huwapo maji machache mno, kiasi cha vijiko tu, yalainishayo mwendo wa pumzi. Maradhi yakiingia, maji hayo huweza kufika lita moja, mbili, au zaidi, na pafu likabanwa lisipate nafasi ya kutanuka. Lakini maji hayo si ugonjwa wenyewe. Ni mjumbe wa ugonjwa. Huweza kutumwa na moyo uliochoka, na figo au ini lililoharibika, na nimonia, na saratani; na katika nchi zetu hizi mtumaji mmoja ajulikanaye sana ni kifua kikuu.

Kila mtumaji ana dawa yake. Maji yaliyoletwa na moyo hupungua moyo unapotibiwa. Maji ya kifua kikuu huhitaji dawa za kifua kikuu kwa muda wa miezi sita bila kukatiza. Yakiwa yamegeuka usaha baada ya nimonia, hayana budi kutolewa kwa mrija, pamoja na dawa za kuua vijidudu. Kwa hiyo swali la kwanza si namna ya kuyaondoa maji, bali ni nani aliyeyatuma. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Richard Light, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba kwa kulinganisha protini na kimeng'enya kimoja katika maji hayo na katika damu ya mgonjwa, mtu huweza kutambua kama utando wenyewe umeshikwa na maradhi au kama shida imetoka mbali, kama vile moyoni. Zaidi ya miaka 50 imepita, na kipimo hicho kingali kinatumika duniani kote.

Sindano inayoogopwa ndiyo ichukuayo maji hayo ya kupimwa. Hupitishwa juu ya ukingo wa ubavu, kwa kuwa mishipa ya damu hupita chini yake, baada ya ngozi kutiwa ganzi. Hatusemi kwamba haina hatari yoyote. Hakuna tiba isiyo na hatari. Twasema kwamba hatari ya kungoja ni kubwa zaidi. Na pengine wale waliofariki baada ya sindano walifikishwa hospitali wakati ambapo mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Tusiilaumu sindano kwa makosa ya uchelewaji.

Lakini yafaa tuseme kweli: hata madaktari hawakuzaliwa na maarifa haya, na wao pia wamepata kukosea. Katika mwaka 1918, maradhi ya kifua yalipoenea katika kambi za jeshi la Marekani, desturi ya wapasuaji ilikuwa kukipasua kifua chenye usaha mapema na kukiacha wazi. Katika kila askari 100 waliotibiwa hivyo, takriban 30 walikufa. Iliundwa tume ya kuchunguza, naye daktari Evarts Graham akiwa mmoja wao. Tume iliona kwamba hewa iingiayo ghafula kifuani, kabla usaha haujawa mzito na tando hazijashikana, ndiyo iliyowaua vijana wale. Ikashauri usaha utolewe kwanza kwa njia iliyofungwa, isiyoruhusu hewa kuingia. Mahali shauri hilo lilipofuatwa, vifo vilishuka hata kufika chini ya 5 katika 100. Wapasuaji hawakuwa watu wabaya wala wajinga. Walifuata desturi, na desturi haikuwa imepimwa.

Wala tusidhani kwamba kupima huku ni kazi ya Wazungu peke yao. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa nchini Uganda, kwa wagonjwa 197 wenye UKIMWI waliojaa maji kifuani kwa sababu ya kifua kikuu. Wote walipewa dawa za kifua kikuu. Kisha, kwa kura, nusu yao waliongezewa predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopata predinisoloni waliona nafuu upesi: maji yalikauka mapema, kikohozi kikapungua, hamu ya chakula ikarudi. Mtu angalisema, basi, dawa imepatikana. Lakini vifo havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, na saratani ya Kaposi ilitokea kwa baadhi ya waliopewa dawa hiyo, isitokee kwa wenzao. Bila jaribio lile, madaktari wangaliona nafuu ya wiki chache na kuigawa dawa ile kwa maelfu, wala wasijue wanachokileta.

Na kwa nini twende hadi Uganda, hali Pemba yenyewe imewahi kuufundisha ulimwengu? Ilikuwa imeaminiwa katika nchi nyingi kwamba kuwapa watoto wote madini ya chuma na asidi ya foliki ni jambo jema lisilo na shaka. Jaribio lilifanywa katika kisiwa hiki kwa watoto zaidi ya 24,000. Mwezi wa Agosti 2003 sehemu ya madini ya chuma ilisimamishwa, kwa kuwa watoto walioyapata walizidi wenzao kwa kulazwa hospitali na kwa kufa, katika nchi iliyokuwa na malaria nyingi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Mama asiyachukue maneno haya kuwa sababu ya kukataa dawa aliyoandikiwa mwanawe mwenye upungufu wa damu. Hilo ni jambo jingine. Twataka tu watu wajue ya kwamba watoto wa Pemba walilipa bei ya elimu hiyo, nao watoto wa nchi za mbali wakanufaika.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Ikiwa watu wa kisiwa hiki wanafaa kuulizwa ili ulimwengu upate elimu, basi wanafaa pia kupata matunda ya elimu hiyo. Si haki mtu akumbukwe na daftari la mtafiti siku ya kuhesabiwa, kisha asahauliwe na ghala la dawa siku ya kuugua. Elimu ya maji ya kifua imekwisha kupatikana kwa sehemu kubwa, na sehemu kubwa yake si ya gharama kubwa. Sindano safi, chupa ya kupelekea maji maabara, mtu ajuaye kupima, picha ya eksirei, mrija ambao ncha yake huzamishwa ndani ya maji ili hewa isirudi kifuani: hivi si vitu vya anasa. Ziko tiba mpya zilizo ghali. Huko Uingereza, mwaka 2011, ilionekana kwa wagonjwa 210 kwamba dawa mbili zikitiwa pamoja ndani ya kifua chenye usaha hupunguza haja ya upasuaji, na kila moja peke yake haitoshi. Hatudai hizo ziwe tele kesho asubuhi. Twadai kwanza lile la msingi lisikosekane.

Kwa viongozi twasema: mgonjwa wa Konde asipimwe ubora wake kwa umbali wa kijiji chake na mji. Daktari wa kwanza amwonaye awe na uwezo wa kumtambua, na safari ya kumpeleka Wete au Chake Chake isingoje jamaa wauze karafuu au mbuzi. Kwa watafiti twasema: mwelezeni mtu kwa Kiswahili akifahamucho, kabla hajatia dole gumba, ni nini kinachojaribiwa, na kwamba anaweza kukataa asipoteze haki ya kutibiwa. Na jaribio likiisha, rudini. Matokeo yasomwe pale pale, barazani, mbele ya wazee waliowatoa watoto wao, kabla hayajawa sifa ya mtu katika nchi za mbali.

Na kwa wananchi wenzetu twasema bila kuficha: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifua kikuu si aibu ya ukoo wala si uchawi wa jirani. Mtu aonaye ubavu unamchoma, pumzi zinakatika, homa ya jioni na jasho la usiku, asikae siku 40 akibadilisha mafuta. Aende apimwe. Akiambiwa kifuani mna maji, aulize ni nani aliyeyatuma. Akipewa dawa za miezi sita, asiziache mwezi wa pili kwa kuwa amepata nguvu za kurudi shamba au baharini, maana nafuu si kupona. Hilo la nafuu na kupona wagonjwa wa Uganda wamekwisha kutufundisha, na watoto wa Pemba wametufundisha kwamba jema lidhaniwalo halina budi kupimwa. Deni tulilo nalo kwao ni kuitumia elimu waliyotuachia, nayo ifike hata kwa yule aketiye usiku kucha huko Konde akiitafuta pumzi.